Maswali ya Wasomaji: Aliyecheza ni Mtoto au ni Mashine?

Zamani wasomaji walituandikia kuhusu sataranji wakiuliza namna ya kufungua mchezo au mahali pa kununua ubao. Siku hizi wengi wanauliza juu ya udanganyifu wa mtandaoni: mmoja ametuhumiwa, mwingine anatuhumu, na wa tatu anaandaa mashindano na hataki yaharibike mikononi mwake. Nimechagua barua tano. Majina ya waandishi nimeyaondoa yote, kwa kuwa baadhi yao wanazungumzia watoto.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka 13 na amekuwa akicheza sataranji kwa simu yangu tangu mwaka jana. Wiki mbili zilizopita tovuti anayochezea iliifunga akaunti yake kwa maelezo kwamba amevunja kanuni za mchezo wa haki. Mtoto analia na kuapa kwamba hakufanya lolote. Mimi sijui hata farasi husogea vipi. Je, mashine inaweza kumwonea mtoto? Na walijuaje yaliyotendeka sebuleni kwangu?
Mama, Buruburu

JIBU: Mama, nianze na sebule yako. Hakuna aliyeiona. Tovuti haioni chumba wala mikono ya mtoto. Kinachoifikia ni hatua alizocheza, sekunde alizotumia kwa kila hatua, na taarifa chache za kifaa, kama vile kuondoka kwenye ukurasa wa mchezo na kurudi tena. Hivyo ni vitu vichache, lakini vikikusanywa katika michezo mingi huonyesha mengi kuliko watu wanavyodhani.

Ili uelewe, sina budi kukueleza kwanza kuhusu zile programu ambazo wachezaji huziita injini. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5, na wakati huo ilikuwa mashine kubwa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Mwaka 2009 programu ya Pocket Fritz 4, ikiendeshwa na simu ya mkononi, ilishinda mashindano ya Copa Mercosur mjini Buenos Aires kwa alama 9.5 kati ya 10. Leo injini ya Stockfish, ambayo hupatikana bure, hufanya kazi ndani ya simu ya kawaida kama zile zinazouzwa Luthuli Avenue, na hakuna binadamu anayeweza kupambana nayo. Kiwango cha juu kabisa, yaani alama zinazopima uwezo wa mchezaji, ambacho mtu amewahi kufikia katika orodha ya FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ni 2882 cha Magnus Carlsen mwezi wa Mei 2014, ilhali injini bora hupewa zaidi ya 3500 katika orodha zake zenyewe. Kwa hiyo mtoto mwenye simu ya pili mezani ana mshauri aliye mbele ya bingwa wa dunia kwa umbali mkubwa sana.

Sasa, injini anayoitumia mdanganyifu ndiyo hiyo hiyo anayoitumia mkaguzi. Kila hatua iliyochezwa hulinganishwa na ile ambayo injini ingeichagua, na tofauti hupimwa kwa sehemu ya mia moja ya thamani ya askari, ile kete ndogo kuliko zote ubaoni. Binadamu hupoteza kidogo karibu kila mara. Hupoteza zaidi kete zinapobanana na dakika zinapokwisha, na hata wachezaji wa daraja la juu hawaepuki hilo. Anayeambiwa la kufanya hapotezi hivyo. Lakini mkaguzi mwangalifu hahesabu kila kitu kwa uzito mmoja: hatua za mwanzo ambazo wengi wamezikariri huwekwa kando, na pia zile ambazo hazina mbadala, kwa mfano kuila kete iliyokula yako, maana hapo hata anayejifunza atakubaliana na injini. Kenneth Regan, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Buffalo nchini Marekani, ametumia miaka mingi kujenga hesabu za kukadiria ni mara ngapi mchezaji wa kiwango fulani angetarajiwa kuziona hatua bora, na FIDE imezitumia hesabu zake.

Muda nao husema. Mchezaji wa kweli huila kete iliyokula yake kwa sekunde moja, kisha hukaa dakika nzima akihangaika pale penye utata. Anayesubiri jibu kutoka simu nyingine mara nyingi hutumia sekunde saba kwa hatua ya wazi na sekunde saba kwa hatua ngumu, kwa sababu kazi anayofanya ni ile ile: kuingiza, kusoma, kurudi. Wapo wanaoiuliza mashine mara mbili au tatu tu kwa kila mchezo, na hao ni wagumu kuwatambua katika mchezo mmoja. Ndipo methali yetu ya za mwizi ni arobaini inapopata maana ya kihesabu, kwa kuwa michezo ikiongezeka, nafasi ya bahati kuwa ndiyo maelezo hupungua.

Umeuliza kama mashine inaweza kumwonea mtoto. Inaweza kukosea, ndiyo. Hata hivyo, kabla ya kufikia hapo, naomba ulifikirie jambo ambalo nimeliona mara nyingi katika kufundisha: tovuti inaweza kuwa sahihi kuhusu akaunti na wakati huo huo mtoto akawa anasema ukweli kuhusu nafsi yake. Akaunti iko kwenye simu yako. Nani mwingine huishika? Kaka, binamu aliyekuja likizo, jirani anayependa mchezo? Watoto wetu wamekua wakitazama drafti ya vizibo vya soda ikichezwa vibarazani na penye vituo vya bodaboda, ambako watazamaji huelekeza kwa sauti kubwa hatua ya kuchezwa na hakuna anayeona kuwa ni kosa. Huo ni utani wa mtaa na mimi naupenda. Mtoto aliyelelewa humo hatambui kwamba binamu anayemwonyesha hatua kutoka simu nyingine amevuka mpaka. Atakuapia kwamba hakudanganya, na atakuwa anaamini anachosema.

Kaa naye jioni moja bila hasira. Michezo ya akaunti iliyofungwa kwa kawaida bado inaweza kufunguliwa na kusomwa. Mwombe achague mitatu aliyoshinda akueleze kwa nini alicheza alivyocheza. Huhitaji kujua sataranji ili kusikia tofauti kati ya mtoto anayesema, "Nilitaka kumtega malkia wake lakini nikaogopa huyu askari," na mtoto anayenyamaza. Ukiridhika kwamba ni kazi yake, andika rufaa; tovuti za sataranji za Chess.com na Lichess zote zina njia ya kufanya hivyo, na rufaa husomwa na watu. Eleza umri wake, eleza kwamba simu ni ya familia, taja kila mtu aliyewahi kuishika, na usitishie wala kumlaumu mtu. Asifungue akaunti nyingine kwa siri wakati mnasubiri jibu, kwa sababu hilo lenyewe ni kosa na litaiharibu rufaa yenu hata kama mtoto hana hatia.

SWALI: Nilipoteza mchezo kwa mtu ambaye kiwango chake kiko chini ya changu kwa alama 300. Tovuti ilionyesha kwamba usahihi wake ulikuwa asilimia 97. Nilimwandikia kwamba ni mwizi, kisha nikaweka picha ya mchezo pamoja na jina lake katika kundi letu la WhatsApp. Wenzangu wengine wananilaumu. Je, nimekosea?
Mchezaji, Kasarani

JIBU: Ndugu yangu, umekosea, na nitakuonyesha ni wapi.

Mfumo wa viwango tunaoutumia, uliobuniwa na Arpad Elo, hausemi kwamba wa juu atashinda kila mara. Tofauti ya alama 300 inakutarajia upate takriban alama 85 katika michezo 100, na mpinzani wako 15. Ukicheza michezo mingi kwa wiki, kushindwa na mtu wa namna hiyo ni jambo la kawaida kabisa. Ama ile asilimia 97, yaani kipimo cha jinsi hatua zake zilivyokaribia zile za injini, umesahau kwamba usahihi wa mtu hutegemea pia anayecheza naye. Kama ulipoteza ngome mapema, zilizofuata zilikuwa hatua za wazi ambazo mtu yeyote angeziona, na mchezo uliomalizika kwa hatua 20 ambazo kumi zake za mwanzo zinajulikana na kila mtu haumpimi mchezaji hata kidogo.

Lipo kosa la ndani zaidi, na ningependa kila mwenye kundi la sataranji hapa Nairobi alielewe. Nitunge mfano wa hesabu. Tuseme tuna wachezaji 1,000, na 20 kati yao wanadanganya. Tuna kipimo kizuri ambacho huwanasa wote 20, na humkosea mtu mmoja tu katika kila waaminifu 100. Kwa waaminifu 980, kipimo hicho kitawataja watu wapatao 10 wasio na kosa. Maana yake ni kwamba kati ya 30 waliotajwa, theluthi moja hawana hatia, ingawa kipimo kinaonekana kuwa sahihi kwa asilimia 99. Ndiyo sababu wachunguzi wanaojua kazi yao hudai ushahidi mzito sana kabla ya kuhukumu kwa takwimu, na huongeza mambo mengine kama mienendo ya muda na historia ya akaunti. Wewe hukuwa na kipimo hata kimoja. Ulikuwa na uchungu wa kushindwa.

Waliobobea nao hukosea hapa. Mwishoni mwa mwaka 2023 bingwa wa zamani wa dunia, Vladimir Kramnik, aliyatilia shaka matokeo ya mchezaji wa Marekani, Hikaru Nakamura, aliyekuwa amepata alama 45.5 katika michezo 46 ya kasi mtandaoni. Chess.com ilichunguza ikaeleza kwamba kwa mtu aliyecheza makumi ya maelfu ya michezo, mfululizo wa namna hiyo si muujiza, unatarajiwa kutokea. Ukiutazama mfululizo mmoja peke yake unashangaza. Ukikumbuka umechaguliwa kutoka michezo mingapi, mshangao unakwisha.

Kramnik huyo huyo alimtuhumu hadharani kwa muda mrefu Daniel Naroditsky, mchezaji na mwalimu wa Marekani aliyependwa na wanafunzi wengi, na Naroditsky alikanusha na kueleza jinsi tuhuma hizo zilivyomuumiza. Hakuna chombo kilichowahi kumtia hatiani. Alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 29. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine, na yeyote anayelisema hilo kwa kubahatisha anarudia kosa lile lile la kuhukumu bila kujua. Ninachokijua ni kwamba sehemu ya siku zake za mwisho aliitumia kujitetea dhidi ya tuhuma zisizothibitishwa, na kwamba FIDE baadaye iliupeleka mwenendo wa Kramnik mbele ya tume yake ya maadili. Sisi huku hupenda kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika jambo hili methali hiyo imewaumiza watu.

Ifute picha ile, na umwombe mwenzako radhi katika kundi lile lile ulimomtaja, si faraghani. Siku nyingine ukiwa na shaka, bonyeza kitufe cha kuripoti mara moja, acha wenye kazi wafanye kazi, na uendelee na mchezo wako. Ikithibitishwa kwamba mpinzani alidanganya, tovuti kubwa huwarudishia walioshindwa naye alama walizopoteza.

SWALI: Klabu yetu ya shule inaandaa mashindano ya mtandaoni kati ya shule kadhaa wakati wa likizo. Zawadi ni ndogo lakini wazazi wanazichukulia kwa uzito. Tulijaribu mwaka uliopita na yakaisha kwa ugomvi. Tufanyeje mapema ili yasijirudie?
Mwalimu wa klabu, Lang'ata

JIBU: Mwalimu mwenzangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla. Nguvu nyingi hupotea katika kuwasaka wadanganyifu baada ya mashindano, wakati mpangilio mzuri ungewaondolea wengi wao nafasi.

Ushauri wangu wa kwanza ndio ninaousisitiza kuliko yote: kama mnaweza, msiwaache watoto wacheze kila mmoja kwao. Kila shule ikusanye wachezaji wake katika chumba chake cha kompyuta, awepo mwalimu kutoka shule nyingine kama msimamizi, simu zote ziwekwe ndani ya kikapu mezani pake, na michezo ichezwe mtandaoni kati ya chumba na chumba. FIDE inazo kanuni za mashindano ya aina hii ya mseto, ambapo mchezo ni wa mtandaoni lakini mchezaji yuko mbele ya mwamuzi. Kwa njia hii swali la nani aliyekuwa amekaa mbele ya kompyuta linajibika kwa macho. Walimu wenzetu wanaosimamia mitihani wanalijua hili tayari. Mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yalifutwa, na hatua zilizofuata hazikuwa za kuongeza adhabu peke yake bali za kubadilisha namna karatasi zinavyotunzwa na anayewajibika nazo.

Utambulisho usiuchukulie kwa wepesi. Aprili 2023, katika mashindano ya Kenya Open hapa hapa Nairobi, ana kwa ana na mbele ya waamuzi, mwanamume aliingia kitengo cha wanawake akiwa amejifunika nikabu na kuvaa miwani, na aliwashinda wachezaji wazuri kabla ya kugunduliwa. Waliomshuku walisita kwa kuheshimu vazi la dini, na heshima hiyo ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni utaratibu wa kumthibitisha kila mchezaji kwa staha, mwanamke kwa mwanamke, kabla ya raundi ya kwanza. Ikiwa hayo yalitokea ndani ya ukumbi, fikiria jina la akaunti ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua kwa dakika mbili. Kila shule ikupe orodha ya majina ya watoto na akaunti zao iliyotiwa sahihi na mwalimu, angalau wiki moja kabla.

Kama kukusanyika hakuwezekani, basi kamera. Kamera ya kompyuta inayoonyesha uso pekee haitoshi, kwa sababu mikono na meza havionekani. Wanaoandaa mashindano yenye zawadi kubwa huomba kamera ya pili iwekwe ubavuni, mara nyingi simu iliyosimamishwa nyuma kidogo ya mchezaji, ili kioo cha kompyuta, mikono na mlango vionekane kwa pamoja. Nakuhimiza ufikirie gharama kabla ya kulitangaza hilo. Familia yenye simu moja haina kamera ya pili, na bando la kurusha video kwa saa mbili si dogo. Kanuni inayowatoa watoto wa Mukuru na kuwabakiza wa Karen haijalinda haki yoyote. Tena, kumrekodi mtoto akiwa nyumbani kunahitaji ridhaa ya mzazi wake chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwa hiyo andaeni fomu, semeni video zitatazamwa na nani, na zitafutwa lini.

Muda mfupi husaidia kiasi. Mchezo wa dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila hatua humpunguzia mdanganyifu nafasi ya kuingiza hatua kwenye simu nyingine, ilhali dakika 30 humpa nafasi tele. Usitegemee hilo pekee, kwa kuwa zipo programu zinazosoma ubao zenyewe, na wanaoanza kujifunza huumizwa na mchezo wa kasi. Kwa watoto wa shule ningechagua dakika 10 na nyongeza ya sekunde tano.

Kuhusu stima na intaneti, andikeni kanuni mapema, maana hapo ndipo ugomvi mwingi wa mwaka uliopita huenda ulianzia. Mtoto akitoweka katikati ya mchezo kisha akarudi na hatua nzuri, je, ametoka kuuliza mashine au ni umeme uliopotea mtaani? Hutaweza kujua. Katika fainali ya Olimpiadi ya Mtandaoni ya FIDE mwaka 2020, intaneti iliharibika katika sehemu kubwa ya dunia, wachezaji wa India wakakatika na kupoteza kwa muda, na baada ya rufaa India na Urusi zikatangazwa mabingwa kwa pamoja. Kama FIDE yenyewe ililazimika kuamua jambo hilo likiwa limeshatokea, nanyi lazimisheni uamuzi uwe umeandikwa: kwa mfano, mchezo uliokatika mara moja unarudiwa, na ukikatika mara ya pili mchezaji anapoteza, bila mtu yeyote kuitwa mdanganyifu.

Mwisho, zawadi zisitolewe siku hiyo hiyo. Semeni tangu mwanzo kwamba matokeo ni ya muda hadi michezo ya walioongoza ipitiwe, wekeni siku tatu, na tajeni watu watatu watakaoamua, ambao hakuna hata mmoja wao mwenye mtoto kwenye mashindano. Mtoto akitiliwa shaka aitwe pamoja na mzazi au mwalimu wake, aonyeshwe michezo yake, aulizwe mawazo yake hatua kwa hatua, na apewe ubao halisi acheze. Kama hakuna uthibitisho, matokeo yabaki. Mtakuja kumwachilia mmoja aliyedanganya. Afadhali hilo kuliko kumtia doa mtoto mwaminifu mbele ya shule nzima.

SWALI: Je, kufungua kitabu au orodha ya michezo ya zamani wakati nacheza ni udanganyifu?
Msomaji, Pangani

JIBU: Katika mchezo unaohesabiwa dakika, ndiyo, hata kama ni kitabu cha karatasi. Katika michezo ya polepole, ambapo kila mchezaji hupewa siku moja au zaidi kwa kila hatua, Chess.com na Lichess zinaruhusu kutazama vitabu na hazina za funguzi, yaani za hatua za mwanzo wa mchezo, lakini injini hairuhusiwi, wala mtu mwingine kukushauri juu ya mchezo unaoendelea. Mchezo ukishaisha, chambua kwa injini upendavyo. Hivyo ndivyo watu wengi hujifunza.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 16. Wakati wa likizo nilitumia injini katika michezo mingi na kiwango changu kikapanda hadi 2000. Nilianza nilipochoka kushindwa. Sasa shule imenichagua kucheza ubao wa kwanza, yaani nafasi ya mchezaji bora wa timu, kwa sababu ya kiwango hicho na wachezaji wengine wako chini yangu. Sijalala vizuri wiki nzima. Nifanye nini?
Mwanafunzi, Kayole

JIBU: Mwanangu, barua yako nimeisoma mara kadhaa. Umeiandika kabla ya kukamatwa, na hilo linabadilisha mengi.

Nitakueleza mambo yaliyowapata wakubwa. Igors Rausis alikuwa na cheo cha juu kabisa katika sataranji, na umri wake ulikuwa umepita miaka 50 kiwango chake kilipokuwa kikipanda kwa namna iliyowashangaza watu. Julai 2019 mjini Strasbourg alikutwa akitumia simu chooni wakati wa mchezo. Alifungiwa kwa miaka sita na akavuliwa cheo alichokihangaikia maisha yake yote. Kwa upande mwingine, kijana wa Marekani, Hans Niemann, alimshinda Magnus Carlsen mjini St. Louis Septemba 2022, Carlsen akajiondoa, na dunia nzima ikaanza kumtilia shaka kijana. Niemann alikiri kwamba alidanganya mtandaoni akiwa na miaka 12 na tena akiwa na miaka 16, na akasisitiza kwamba hajawahi kudanganya akiwa mbele ya ubao halisi. Ripoti ya Chess.com ya Oktoba 2022 ilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba alidanganya katika zaidi ya michezo 100 ya mtandaoni, lakini haikupata uthibitisho kwamba alidanganya ana kwa ana. Kesi aliyoifungua ya dola milioni 100 iliishia kwa mapatano Agosti 2023. Bado anacheza, na anacheza vizuri. Lakini kila anaposhinda, wapo wanaorudi kwenye yale ya utotoni. Alikuwa na umri wako.

Aliyekutangulia kwa kukiri bila kubanwa hana masimulizi marefu, kwa sababu mambo yake humalizwa kimya. Chess.com kwa mfano imekuwa ikiwapa baadhi ya watu waliokiri nafasi ya kufungua akaunti ya pili na kuanza upya.

Mwone mwalimu wako wa klabu kabla orodha ya timu haijapelekwa. Usiende kumweleza sababu kwanza. Mwambie ulichofanya, kisha mwombe mfanye mchujo wa ubao halisi miongoni mwenu ili nafasi zipangwe kwa uwezo wa leo. Yuko mwenzako aliyestahili ubao wa kwanza na hajui kwa nini hakuupata, na jambo hili linamhusu yeye kuliko linavyokuhusu wewe. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mzazi au mlezi. Kisha andika kwa tovuti, kwa maneno machache: kwamba jina lako la akaunti ni fulani, kwamba kuanzia mwezi fulani ulitumia injini, kwamba unaomba akaunti ifungwe na waliopoteza kwako warudishiwe alama zao. Usipunguze idadi ya michezo. Wanayo yote.

Utapangwa ubao wa tatu au wa nne, pengine utakuwa mchezaji wa akiba. Utashindwa mara nyingi, na hapo ndipo ulipokuwa kabla ya likizo ile. Leta hiyo michezo utakayoshindwa. Niletee mitatu ya kwanza kupitia ukurasa huu, na nitakuandikia maoni yangu juu ya kila mmoja.